"Nyumba Zimejaa": Funzo la Kesi ya Henrico kwa Wapangaji na Wenye Nyumba

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa katika kikao cha uhamasisho wa umma kuhusu haki za wapangaji)



Kila mtu aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga ameyasikia maneno haya mawili: "Nyumba zimejaa." Mara nyingi ni kweli. Keateka anatikisa kichwa, mtafutaji anashukuru, kisha anaenda kujaribu ploti inayofuata. Hakuna aliyetukanwa wala kusukumwa langoni.

Lakini wakati mwingine nyumba haijajaa. Iko wazi, imefagiliwa, na ufunguo uko mfukoni mwa keateka. Saa moja baadaye anafika mtu mwingine, wa rangi au kabila linalopendwa na mwenye nyumba, naye anafunguliwa mlango. Yule wa kwanza hana njia ya kujua. Anaamini kwamba hakuwa na bahati siku hiyo.

Hapo ndipo penye ugumu. Mtu aliyetukanwa kwa sababu ya rangi au kabila lake anajua amekosewa, na anaweza kupata shahidi. Mtu aliyedanganywa kwa upole hajui lolote. Je, atashtaki vipi jambo ambalo hakuliona? Na akija kuligundua, ataithibitishia vipi mahakama?

Swali hili lilifikishwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani na likajibiwa mwaka 1982. Kesi yenyewe ilitoka katika kaunti moja ya jimbo la Virginia iitwayo Henrico, iliyo jirani na jiji la Richmond. Inafaa kuelezwa hapa kwa sababu hila iliyotumika huko haihitaji Marekani ili ifanye kazi. Inahitaji nyumba tupu, mtu wa kuilinda na uongo mdogo.

Sheria iliyowafundisha wabaguzi adabu

Kwa miaka mingi, katika sehemu kubwa ya Marekani, mwenye nyumba aliweza kusema waziwazi kwamba hapangishi watu weusi. Martin Luther King aliuawa mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Wiki moja baadaye, tarehe 11 Aprili, Rais Lyndon B. Johnson alitia sahihi sheria ya usawa katika makazi. Sheria hiyo ilikataza kumnyima mtu nyumba ya kununua au kupanga kwa sababu ya rangi, dini au asili ya taifa lake.

Waliotunga sheria walijua kwamba mbaguzi akikatazwa kusema "sikutaki", atatafuta maneno mengine. Kwa hiyo waliweka kifungu cha kuwahi hila hiyo. Kifungu hicho kinasema ni kosa kumwambia mtu yeyote, kwa sababu ya rangi yake, kwamba nyumba haipo ilhali ipo. Shikeni maneno hayo, "mtu yeyote", kwa maana ndiyo yaliyobeba kesi nzima.

Watu watatu na shirika moja

Katika Kaunti ya Henrico kulikuwa na kampuni ya kupangisha nyumba iitwayo Havens Realty. Ilikuwa na majengo mawili ya kupangisha: Camelot Townhouses na Colonial Court Apartments. Mjini Richmond kulikuwa na shirika lisilo la kibiashara lililosaidia watu kupata makazi bila ubaguzi, jina lake Housing Opportunities Made Equal, kwa kifupi HOME.

Shirika hilo lilitaka kujua kama kampuni ilikuwa ikiwaelekeza wapangaji kwa misingi ya rangi, yaani Wazungu upande huu na watu weusi upande ule. Likatumia njia rahisi ya kupima. Lilimtuma Sylvia Coleman, mwanamke mweusi, na Kent Willis, mwanamume Mzungu. Kila mmoja aliuliza kama kuna nyumba ya kupanga. Walifanya hivyo tarehe 14, 21 na 23 Machi 1978.

Kwa mujibu wa mashtaka yao, kila mara jibu lilikuwa lile lile. Coleman aliambiwa hakuna nyumba. Willis aliambiwa zipo. Tarehe 6 Julai Coleman alirudi kuuliza tena, akaambiwa Camelot hakuna nafasi. Siku hiyo hiyo mpimaji mwingine Mzungu alipewa jibu tofauti.

Wiki moja baadaye, tarehe 13 Julai 1978, alifika mteja wa kweli. Jina lake Paul Coles, mtu mweusi aliyekuwa akitafuta nyumba ya kuishi. Naye, kulingana na mashtaka, aliambiwa uongo kwamba hakuna nyumba.

Angalieni tofauti hapo. Kama Coles angekuwa peke yake, angeondoka na neno lake dhidi ya neno la kampuni. Lakini safari za wapimaji zilitoa kipimo cha kulinganisha: swali moja, kampuni moja, siku moja, majibu mawili. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Katika biashara ya kupangisha, njia hiyo huwa ndefu sana iwapo kila anayedanganywa anaondoka peke yake kimya kimya. Hufupika pale watu wawili wanapolinganisha walichoambiwa.

Mwezi wa Januari 1979 Coles, Coleman, Willis na shirika la HOME waliishtaki kampuni.

Hoja ya kampuni

Kampuni ilikuja na hoja ambayo kwa sikio la haraka inaonekana ya maana. Kwamba Coleman hakuwa anatafuta nyumba. Alitumwa kupima. Hata kama angeambiwa nyumba ipo, asingehamia. Basi amepoteza nini? Na asiyepoteza kitu anakuja mahakamani kudai nini?

Mahakama ya kwanza ilikubaliana na kampuni na kuyatupa madai ya wapimaji na ya shirika. Mahakama ya Rufaa ikayarejesha. Hatimaye Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi tarehe 24 Februari 1982, ulioandikwa na Jaji William Brennan kwa niaba ya mahakama nzima.

Ni vyema ieleweke kwamba katika hatua hiyo majaji hawakuwa wanaamua kama kampuni ilibagua au la. Swali lilikuwa nani ana haki ya kusikizwa kama mtu aliyekosewa. Kila mlalamishi alipata jibu lake.

Coleman aliambiwa kwamba naye amekosewa. Sheria inampa mtu yeyote haki ya kuelezwa ukweli kuhusu nyumba za kupangisha, na aliyedanganywa kwa sababu ya rangi yake amevunjiwa haki hiyo hiyo. Haijalishi kwamba hakuwa na nia ya kupanga. Haijalishi hata kama alikwenda pale akitarajia kudanganywa. Uongo wenyewe ndio madhara.

Willis, yule Mzungu, hakupata jibu kama hilo. Yeye aliambiwa ukweli kila mara. Kama mpimaji, hakuwa amedanganywa, basi hakuwa na dai kwa msingi huo. Hata hivyo mahakama ilikubali kwamba wakazi wa eneo, weusi kwa Wazungu, wanaweza kuumia pale kampuni inapowatenga watu kwa rangi, kwa kuwa wananyimwa nafasi ya kuishi pamoja kama majirani. Yeye na Coleman waliruhusiwa kuendelea kwa hoja hiyo, mradi waeleze vizuri ni mtaa gani ulioathirika na wao wameguswa vipi.

Shirika la HOME nalo lilikubaliwa. Kazi yake ilikuwa kuwashauri na kuwasaidia watu kupata nyumba. Kama fedha na muda wake vilipotea katika kupambana na uongo wa kampuni, basi nalo lilikuwa limeumizwa.

Siku zilizopita

Kuna upande mmoja wa uamuzi huo ambao mara nyingi husahauliwa, nao una funzo kubwa kwa mwananchi.

Wakati huo sheria ya Marekani ilimpa mlalamishi siku 180 tu za kufungua kesi. Mara ya mwisho Coleman kudanganywa ilikuwa tarehe 6 Julai 1978. Kesi ilipofunguliwa Januari, siku 180 zilikuwa zimepita. Tukio la Coles la tarehe 13 Julai lilikuwa bado ndani ya muda.

Mahakama ilisema kwamba pale kampuni inapoendeleza desturi moja ya ubaguzi, siku zinahesabiwa kuanzia tukio la mwisho. Hilo liliokoa madai ya shirika na ya wakazi wa mtaa. Lakini dai la Coleman la kudanganywa yeye binafsi, lile lililoweka msingi wa haki mpya, liliangukia nje ya muda. Alishinda hoja, akapoteza dai. Kila mpimaji na kila mpangaji wa Marekani aliyemfuata anafaidi mlango ambao yeye aliufungua na hakuweza kupita kwa dai lake mwenyewe.

Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilibadilisha sheria na kumpa mlalamishi miaka 2 ya kwenda mahakamani. Mwaka 1991 Wizara ya Haki ya nchi hiyo ilianzisha mpango wake wa kuwatuma wapimaji. Kwa wale walio na watoto au jamaa wanaoishi Marekani, inafaa wajue kwamba sheria hiyo inawalinda na wao. Inakataza ubaguzi kwa sababu ya asili ya taifa, na mtu hahitaji kuwa raia wa Marekani ili ailalamikie kampuni iliyomnyima nyumba kwa kuwa ametoka Kenya.

Na hapa Kenya

Hukumu ya Marekani haifungi mahakama za Kenya. Wakili anaweza kuitaja kama mfano, basi. Lakini Mkenya hahitaji kuazima haki kutoka Virginia, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 imempa yake.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Kinataja rangi, asili ya kikabila au kijamii, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, umri, ulemavu, dini, mavazi, lugha na mengineyo. Wako wanaodhani kwamba hayo yanaihusu serikali pekee. La. Kifungu hicho kinasema pia kwamba mtu asimbague mtu mwingine kwa misingi hiyo, na Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote. Mwenye ploti ya vyumba kumi ni mtu. Kampuni ya kupangisha ni mtu mbele ya sheria.

Iko pia Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Ilitungwa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati watu walipofukuzwa makwao na katika nyumba walizopanga kwa sababu ya kabila. Sheria hiyo inakataza ubaguzi wa kikabila, ikiwemo katika mambo ya umiliki na usimamizi wa mali, na inapotaja kabila inahesabu pia rangi na asili ya taifa.

Kwa hiyo keateka anapouliza, "Jina lako la pili ni nani?" au "Nyumbani ni wapi?" kabla hajasema kama kuna nyumba, ajue anatembea karibu na mstari. Akiuliza, akasikia jibu, kisha nyumba iliyokuwa wazi ikajaa ghafla, mstari umevukwa. Hali ni hiyo hiyo kwa tangazo linalosema nyumba ni ya watu wa asili fulani tu, au kwa kodi inayopandishwa baada ya jina kutajwa.

Mpangaji afanye nini

Kwanza, aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni hivyo hivyo. Aandike tarehe, saa, jina la ploti, jina la aliyemjibu na maneno aliyoambiwa, siku ile ile kabla hajasahau. Ahifadhi ujumbe wa simu na picha ya tangazo au kibao cha "Nyumba ipo". Asifute mazungumzo kwenye simu, kwa kuwa ushahidi wa simu ukipelekwa mahakamani huhitaji hati ya kuthibitisha ulivyopatikana, na simu yenyewe inaweza kuhitajika.

Pili, alinganishe. Akiwa na shaka, anaweza kumwomba rafiki au mfanyakazi mwenzake wa jamii nyingine aulize nyumba hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Rafiki aulize swali lile lile, bila kuongeza chumvi wala kuzua ugomvi, kisha naye aandike alichojibiwa. Jibu likiwa sawa, basi nyumba kweli zimejaa na shaka imeondoka. Hilo nalo ni jambo jema, maana si kila anayekosa nyumba amebaguliwa.

Tatu, asichelewe. Coleman ni mfano wa kutosha. Hata pale ambapo sheria haijaweka siku maalum, mashahidi huhama, makeateka hubadilishwa, na mahakama huuliza mlalamishi alikuwa wapi muda wote huo.

Nne, ajue pa kwenda. Malalamishi ya ubaguzi wa kikabila au wa rangi yanaweza kupelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ambayo huchunguza na kusuluhisha. Ipo pia Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nchini Kenya. Mwenye kutaka kwenda mahakamani huenda Mahakama Kuu chini ya Kifungu cha 22, na Katiba inasema asitozwe ada kwa kuanzisha kesi ya aina hiyo. Kanuni za mwaka 2013 zinaruhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida. Kifungu hicho hicho kinaruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza, na chama kushtaki kwa niaba ya wanachama wake. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Mahakama ikiridhika kwamba haki imevunjwa, inaweza kutamka hivyo, kutoa amri ya kuzuia ubaguzi usiendelee, na kuagiza fidia ilipwe.

Mwenye nyumba naye

Isidhaniwe kwamba mwenye nyumba amenyang'anywa nyumba yake. Ana haki ya kumkataa mtu asiyeweza kulipa kodi, aliyeacha deni kwenye ploti nyingine, au asiyekubali masharti ya nyumba. Anaweza kuitisha amana na kitambulisho. Sheria inachotaka ni kwamba masharti yawe yale yale kwa kila mtu.

Njia salama ni rahisi. Aandike masharti yake kwenye karatasi moja na kuyabandika pale ploti. Awe na daftari la vyumba vilivyo wazi na tarehe vilipowekwa wazi. Awape waombaji nafasi kwa kufuata aliyetangulia. Siku atakapolaumiwa bure, daftari hilo ndilo litakalomtetea.

Na amfundishe keateka. Wenye nyumba wengi hawakai kwenye ploti zao. Anayefungua lango na kusema "zimejaa" ni mtu wa mshahara, na pengine anafuata chuki zake mwenyewe au anadhani ndivyo tajiri anavyotaka. Katika kesi ya Henrico kampuni ilishtakiwa pamoja na mfanyakazi wake. Anayesema "mimi sikuwepo" asitarajie kwamba neno hilo pekee litamwokoa.

Wako watakaouliza kama jambo hili ni kubwa kiasi cha kupelekwa mahakamani, kwa kuwa nyumba ziko nyingi na aliyekataliwa hapa atapata pale. Fikirini mama anayetafuta nyumba karibu na shule ya mtoto wake, au kijana aliyepata kazi ya zamu ya usiku na anahitaji kukaa karibu na kazini. Kila "zimejaa" ya uongo inamsukuma mbali zaidi, nauli inapanda, saa za kulala zinapungua. Mwishowe anaishi pale ambapo watu wa jina lake wanakubaliwa, na mtaa unagawanyika bila mtu yeyote kutangaza kwamba umegawanywa. Kenya iliwahi kuwa na miji iliyogawanywa kwa rangi wakati wa ukoloni, na ilionja mwaka 2008 matunda ya mitaa iliyogawanyika kwa kabila.

Mtafuta nyumba hawezi kudai apewe kila nyumba anayoitaka. Anachoweza kudai ni kwamba akiuliza kama kuna nyumba, aambiwe ukweli ule ule ambao angeambiwa mwingine yeyote. Kama ipo, aambiwe ipo. Kama imejaa, iwe imejaa kweli.